Kwa Halina, Kabla Hujatia Sahihi

Umenipigia simu na sauti ya mtu aliyeokota.
Nyumba ya mbao, ghorofa mbili, mashariki ya Buffalo,
dola elfu thelathini na nane, na muuzaji ana haraka.
Halina, mwana wa dada yangu, haraka yake ni ya nini?
Kabla ya kalamu, tafuta tochi.

Nenda siku ya mvua.
Siku ya jua kila nyumba ni bibi harusi.
Shuka chumba cha chini, simama, nusa:
harufu ya viazi vilivyosahauliwa ni maji yapitayo kwa siri.
Ukiona ukuta mmoja tu una rangi mpya,
uliza una kidonda gani hata ukapakwa poda.

Mimi sikunusa.
Nilipokwenda kuiona ya kwanza nilikuwa na mafua na kiburi,
na vyote viwili huziba pua.
Nilitazama jiko. Nilitazama vitasa vya shaba.
Huko chini ya ua mwerebi ulikwishapenyeza mizizi
ndani ya bomba la udongo la majitaka,
na Jumapili ya Pasaka, wageni wakiwa mezani,
choo kikarudisha kila kilichokabidhiwa.
Dola elfu tisa.
Vitasa vikaendelea kung'aa.

Basi mlipe mwenye kamera apitishe jicho bombani.
Utanung'unika. Nung'unika, lakini lipa.

Fundi naye, hata kama alibatizwa kanisa moja na baba yako,
mpe theluthi aanze, theluthi paa likiziba,
theluthi ya mwisho ilale mfukoni mwako
mpaka mlango wa bafu ufunge bila kupigwa bega.
Andika tarehe, kiasi, sahihi.
Undugu hautoi risiti.

Na hesabu zako:
kodi huingia kwa mlango wa mbele,
kodi hutoka kwa mlango wa nyuma,
mapacha wa jina moja wasiopendana.
Mwaka wa mwenye nyumba una miezi kumi na moja.
Wa kumi na mbili ni wa chumba kitupu, usiule mapema.

Sasa jambo ambalo sijamwambia mtu.

Juu alikaa Naw Eh Paw na wanawe watatu,
Wakareni waliotoka kambi za mpakani mwa Thailand.
Miaka sita, kila tarehe mosi, noti ndani ya bahasha iliyokwishatumika,
na pembeni boga, au fungu la majani ya haradali.
Alisugua ngazi nisizomwomba asugue.
Jirani akaniambia: bei zimepanda, wewe umelala.
Nikaamka. Nikaongeza dola mia moja na hamsini.
Hakubishana.
Alihama Novemba.

Desemba, Januari, Februari, hakuna mtu.
Nikazima joto ili niokoe gesi.
Bomba likaganda, likapasuka,
dari ikashuka juu ya jiko lile lile nililolipenda.
Zidisha mwenyewe mia na hamsini kwa kumi na mbili,
kisha chini yake andika elfu kumi na nne.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa,
lakini ufa wangu haukuwa ukutani.

Nilipokarabati ili niuze, mpaka rangi aliniita mlangoni.
Kwenye mwimo palikuwa na mistari ya wino,
urefu wa watoto, na majina kwa zile herufi zao za duara.
Nikamwambia, paka. Mnunuzi hanunui watoto wa watu.
Akapaka mara mbili.
Wino ukatokeza.

Hilo nalo liandike: wino hupenya rangi,
atakaye kufuta aanze na praima nzito.
Mimi sikuanza nayo. Nilimwambia aache hivyo hivyo,
na mnunuzi hakuuliza.

Tochi iko droo ya pili, jikoni kwangu.
Pitia kesho uichukue.
Redio inasema itanyesha.